Makato ya Homer

Mwaka 2004 shangazi yangu aliyekuwa akiishi Uingereza alimpa mtu aliyekuja likizo boksi la DVD atuletee Mbeya. Ndani mlikuwa na msimu wa kwanza wa The Simpsons, katuni ya Marekani ya familia ya Homer, mkewe Marge na watoto wao: diski tatu, vipindi 13, orijino kabisa. Sisi tulizoea diski za soko la Mwanjelwa, filamu kibao zimebanwa kwenye diski moja na picha inagandaganda. Deki ya jirani ilizikataa. DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na deki ya kanda moja huweza kuikataa ya kanda nyingine. Uingereza ni kanda ya 2, Tanzania tuko ya 5. Deki yetu ya bei poa haikujali kanda, ikazipokea zote.

Nilikuwa kidato cha tatu, mwandishi wa gazeti la ukutani shuleni, na nikaamua kufanya uhakiki wa boksi zima. Mwalimu mlezi wa gazeti aliniuliza, "Katuni? Sisi tunaendesha chekechea?" Nikamwomba asubiri asome kwanza.

Basi Ijumaa moja ya Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua, tulikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Soweto, tumejifunika mablanketi. Mimi nilikuwa namtafsiria Mama. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mezani anasahihisha madaftari, mgongo kwa televisheni.

Kipindi cha kwanza ni cha Krismasi, kile kilichorushwa Marekani tarehe 17 Desemba 1989. Marge ameweka akiba ya sikukuu kwenye chupa, halafu yote inaishia kwa daktari wa kumfuta mwanawe Bart tatuu. Bonasi ya Homer kazini nayo haitoki. Anaona haya kusema nyumbani, anakwenda kuvaa ndevu za Baba Krismasi dukani apate chochote. Siku ya malipo anakabidhiwa dola 13. Anauliza kulikoni, anasomewa makato: hifadhi ya jamii, mafunzo ya u-Baba Krismasi, nguo ya kazi, kukodi ndevu.

Kalamu nyekundu ikasimama.

"Rudisha hapo."

"Wapi, Baba?"

"Hapo penye makato."

Nikarudisha, nikatafsiri polepole, moja baada ya jingine. Baba aligeuza kiti. "Yaani hata ndevu wanamkata?" Akacheka mpaka akavua miwani, akamwambia Mama alete ile salari slipu yake tulinganishe. Madaftari hayakuguswa tena usiku ule. Homer alipozipeleka zile dola kwenye mbio za mbwa, Baba alimsihi kwa sauti asithubutu. Mbwa akashika mkia, mwenyewe akamfukuza, Homer akaenda naye nyumbani. Mama akasema huyo mbwa ndiye Krismasi yenyewe.

Uhakiki wangu niliujenga hapo. Niliandika kwamba michoro ya msimu ule inayumba, nyuso zinabadilika umbo kutoka picha hadi picha, na sauti ya Homer bado ni nzito, ya kukoroma, lakini hadithi imesimama kwa sababu walioiandika wanaijua shida ya mshahara. Niliyasifu sana maelezo ya sauti: unachagua kwenye menyu, kisha Matt Groening, mbunifu wa katuni hiyo, na wenzake wanazungumza juu ya kipindi kinapoendelea. Wanasema wazi kwamba kipindi kilichotakiwa kutangulia kilirudi kutoka Korea kimechorwa ovyo, kikafanyiwa kazi upya na kurushwa mwishoni mwa msimu, Mei 1990. Watu wakubwa kuonyesha kasoro za kazi yao wenyewe, na kuziuza pamoja na kazi, kwangu ilikuwa heshima kwa mtazamaji. Bado naona hivyo. Boksi nyingi nilizonunua baadaye hazina kitu hicho, nazo ni maganda tu.

Mwalimu aliusoma amesimama, akafika kwenye ndevu za kukodi, akacheka peke yake. Ukabandikwa Jumatatu. Wenzangu wakaanza kuomba kuazimwa diski, Baba akakataa katakata: anayetaka aje aone hapa hapa. Jumamosi sebule ilijaa, viatu vikafika mpaka jikoni, na ubishi mkubwa ukazuka juu ya Smithers, msaidizi wa bosi wa Homer, ambaye kwenye kipindi kimoja kapakwa rangi nyeusi na kwenye vingine ni wa njano. Wengine walidai ni watu wawili. Baba akanyoosha rimoti, akaweka yale maelezo ya sauti, akaniambia, "Haya, mhakiki, tafsiri."