Tulivyoiweza Wood Beez ya Scritti Politti bila kununua sinti hata moja

Jamani naandika hii kwa furaha na hasira kidogo, maana kwa muda mrefu nimeambiwa kuupiga wimbo huu wa Wood Beez kwa magitaa tu, bila sinti (synthesizer, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti), haiwezekani. Mimi ni mpiga gitaa, naishi Leeds, nina bendi ya kopi na washkaji, wawili tumetoka Dar na wengine wenyeji wa hapa hapa, tunapiga kwenye mapub na shughuli za watu wikiendi. Nyimbo zetu nyingi ni zile za kila siku, ila mimi nilikuwa na ndoto yangu moja, kupiga nyimbo za bendi ya Scritti Politti, tena sio zile kelele zao za mwanzo, nataka zile tamu za 1984 na 1985.

Kwa wasiowajua, hawa jamaa ni wa hapa Leeds kwa kuzaliwa kwa bendi. Kiongozi wao Green Gartside ni mtu wa Wales, alikuja kusoma sanaa Leeds Polytechnic, na Desemba 1976 bendi za punk Sex Pistols na The Clash wakapiga pale pale chuoni, basi akili ikahama. Wakaunda bendi, wakahamia London kukaa nyumba ya kuvamia kule Camden, jina wakalitoa kwenye maandishi ya Gramsci, mwanasiasa mkomunisti wa Italia, wakalipinda ili lisikike kama rock and roll. Santuri yao ya kwanza ya 1978, Skank Bloc Bologna, waliitoa wenyewe na kwenye jalada wakaandika gharama zote, kurekodi kiasi gani, kuchapisha kiasi gani, ili kijana yeyote ajue na yeye anaweza. Hiyo peke yake mimi naipenda kuliko maelezo.

Sasa ukiwauliza watu wanaojifanya wajuzi wa post-punk, yaani rock iliyokuja baada ya punk, watakwambia hao baadaye waliuza roho, wakaacha siasa wakakimbilia pop laini. Hili linanikera sana. Mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa na gitaa akazipiga zote mbili. Sikiliza hiyo ya 1978 vizuri, besi inatembea kireggae kabisa, na neno skank lenyewe, ule mdundo na uchezaji wa reggae, liko kwenye jina! Yaani muziki wa watu weusi ulikuwemo tangu siku ya kwanza, ila ulikuwa umefunikwa na magitaa yanayokwaruza.

Kilichobadilisha mambo ni ugonjwa. Mwanzoni mwa 1980 walipiga Brighton na bendi ya Gang of Four, Green akaanguka, akakimbizwa hospitali, watu wakadhani ni moyo kumbe ni hofu iliyomzidi. Akarudi Wales kupumzika, huko akawa anasikiliza soul na funk, Aretha Franklin na wengine, akawaandikia wenzake kurasa kwa kurasa kuwaeleza kwa nini bendi ibadilike. Hebu fikiria, sio kuja mazoezini na kusema leo tunapiga hivi, aliandika hoja zake mtu asome akubali au akatae. Ndo ikaja The "Sweetest Girl" mwaka 1981, taratibu, mashine ya ngoma, Robert Wyatt kwenye vinanda, na ile sauti nyembamba inayopumua. 1982 albamu Songs to Remember, kisha Green akaenda New York akakutana na mpiga kinanda David Gamson na mpiga drums Fred Maher, akampata na prodyuza Arif Mardin, mtu aliyefanya kazi na Aretha mwenyewe! Wood Beez ikaingia kumi bora Uingereza 1984. Mwaka uliofuata albamu ya Cupid & Psyche 85 ikatoka, na Perfect Way ikafika namba 11 Marekani.

Haya, tatizo letu lilikuwa hili. Wood Beez imejaa vinanda na mashine za wakati ule, vipande vidogo vidogo vinarukaruka, huku kimoja kule kingine. Nikaomba ushauri. Mmoja akaniambia nunua sinti ya zamani, bei yake ukiisikia unakaa chini, ni hela ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Mwingine akasema tumieni treki iliyorekodiwa mpige juu yake, hiyo mimi siiti kupiga muziki. Mwingine akanipa tabs za gitaa (maandishi yanayoonyesha vidole vikae wapi) alizopakua mahali, nikazijaribu, kodi (chords) zilikuwa sahihi lakini wimbo haupo kabisa, tulisikika kama watu wanaosindikiza kwaya.

Ujanja ulinijia nikiwa nasikiliza ule wimbo kwa spidi ya nusu kwenye simu, na hapa naomba mnisome polepole. Nikagundua kile kinanda hakipigi kodi ndefu, kinadokoa. Kinadokoa halafu kinanyamaza, na kwenye kile kimya kingine kinajibu. Nikacheka peke yangu, maana hiyo si ndo dansi yetu? Sisi tuliokulia kwenye bendi tunajua solo, second solo na ridhimu, kila gitaa na nyumba yake, hakuna kumkanyaga mwenzio. Nikachukua daftari, nikahesabu moja na mbili na tatu na nne na, nikaandika kila mdokoo unaangukia wapi, nikaugawa: hii ya kwangu, hii ya mwenzangu wa Dar, hii aachiwe besi. Kinanda kizima kikavunjwa kwa watu watatu.

Halafu sikuruhusu mtu aguse gitaa. Tuliimba kwa mdomo, ti, ka, tiki, ti, kila mtu na kipande chake huku tunapiga makofi kwenye mapengo, sio kwenye noti, kwenye MAPENGO. Jirani wa studio alikuja kuchungulia. Ilipokaa mdomoni ndo tukashika vyombo, kiganja kimelalia nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, ili sauti isiburuzike, mkono wa kushoto unaachia mara tu noti ikishasikika. Ukiiacha noti iendelee umeharibu, pengo limekufa na groove, ule mtikisiko wa mdundo, imekufa nalo. Mara ya kwanza ilipounga mpiga drums wetu, mtu wa Yorkshire asiyesifia kitu, alisimama akapiga kelele, ikabidi tuanze upya maana na yeye aliacha kupiga.

Na kingine, jamani drums msijaze. Huyu wetu alitaka kila baada ya mistari miwili aweke mbwembwe, nikamwambia hapana, ile ngoma ya snea ikae pale pale, kali na fupi.

Kazi nyingine ilikuwa mwimbaji. Wetu katoka kwaya ya kanisa, anasukuma kutoka kifuani, na nyimbo za Green ukizisukuma zinavunjika. Kumwambia punguza sauti haikusaidia kitu. Nilichofanya, nikaongeza monita yake, ile spika inayomrudishia sauti yake, iwe kubwa kuliko kawaida, akajisikia sana akashusha mwenyewe bila kuambiwa, akasogea maiki hadi midomo inagusa. Tangu siku hiyo ndo anavyoimba nyimbo hizi zote.

Gharama? Studio ya mazoezi tulichanga, kila mtu pauni chache kila wiki, nyuzi mpya, ile programu ya kupunguza spidi ilikuwa ya bure. Basi. Hiyo sinti niliyoambiwa ninunue mpaka leo sijaigusa.

Tulipoipiga kwenye pub hapa mjini mzee mmoja akaja kuniambia aliwaona Scritti enzi zile bado wanakwaruza, na kwamba kwa magitaa yetu amesikia Skank Bloc Bologna ndani ya Wood Beez. Nilimnunulia bia palepale! Ndo hicho nimekuwa nikibishana na watu miaka yote, ukiondoa vinanda vinavyong'aa unakuta mapengo yale yale na besi ile ile inayojua reggae, na kama mtu bado anabisha asikilize The Word Girl ya 1985, hiyo ni reggae wazi kabisa na iliingia kumi bora.

Sasa hivi tunashughulika na Perfect Way. Ile ambayo mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis aliirudia 1986 kwenye albamu yake Tutu naitamani sana, lakini hatuna mtu wa tarumbeta. Kama upo Leeds au Bradford na unapuliza, tafadhali njoo mazoezini, ila uwe tayari kuimba kwa mdomo kwanza.