Shabaha ya vitendo: nilivyojinoa kwenye stoo ya asali, Tabora

Mimi ni mtu wa asali na nta. Nanunua Sikonge na vijiji vya ndani huko, nachuja na kufungasha hapa Tabora mjini, kisha mzigo unakwenda Dar. Kwa miaka mingi biashara hii ilikuwa ya fedha mkononi: unaingia porini na mamilioni ndani ya mfuko wa salfeti, unatoka na madumu. Ndiyo maana niliomba kumiliki bastola. Aliyepita njia hiyo anaijua. Unaanzia serikali ya mtaa, unapanda kata, unafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, unazidi kupanda, na kila meza inataka kujua wewe ni nani na unaogopa nini. Nilipoipata, ya milimita 9, niliifungia kwenye sefu. Miaka minne ikapita nikiwa nimefyatua risasi kumi tu, siku ile niliyoelekezwa matumizi, na katika hizo kumi karatasi ilipata tatu.

Kwamba kuna mchezo wake, sikujua. Nilichokuwa nakijua ni shabaha ya Olimpiki, mtu kasimama wima kama mlingoti, mkono mmoja mfukoni, analenga kiduara kilichoko mita 10. Siku moja mteja wangu wa Dar akanionyesha video kwenye simu. Jamaa mnene kidogo anakimbia katikati ya kuta za mbao, anapiga kila karatasi risasi mbilimbili, anabadilisha magazini, kile kikasha cha risasi, bila kuitazama, anachungulia dirishani, anapiga vyuma vinaanguka. Nikauliza, "Huyu ni komandoo?" Akacheka. "Huyu ni daktari wa meno, kaka."

Mchezo wenyewe unaitwa shabaha ya vitendo. Shirikisho lake la kimataifa, IPSC, lilizaliwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kauli mbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Mimi, kama wageni wote wa mchezo huu, niliona neno la tatu tu.

Nikaanza mwenyewe, usiku, stoo. Nilikuwa nimesoma kwamba walengaji wazuri hufanya mazoezi makavu, yaani bastola tupu, unachomoa, unalenga, unavuta triga, unakoki tena, unarudia. Nikaona hii ndiyo yangu, haina gharama. Wiki ya tatu, saa nne za usiku, nilimaliza, nikarudisha magazini yenye risasi, nikakoki ili niifunge kiunoni, maana kesho yake alfajiri nilikuwa na safari ya Sikonge. Halafu nikajiambia, hebu moja ya mwisho, ile ya kuchomoa ilikuwa imekaa vizuri.

Mlio wa bastola ndani ya chumba kilichofungwa haufanani na wa kwenye video. Masikio yaliziba. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na tundu dogo kama la msumari, na asali nyekundu ya miombo ikaanza kushuka pale polepole, uzi mmoja mnene, bila haraka hata kidogo, huku mimi natetemeka. Risasi ilipita kwenye asali ikakwama kwenye tofali. Upande wa pili wa tofali ndiko wanangu hulala.

Nilikwenda kituo cha polisi mwenyewe kabla hawajaja. Niliandika maelezo, bastola ikabaki kwao miezi miwili, na mwenyekiti wa mtaa alinisema mbele ya majirani. Sina la kulalamika. Mke wangu hakunisema. Aliteka asali iliyobaki, akapiga deki, akasema, "Baba watoto, tafuta mtu akufundishe, au iuze."

Mtu niliyempata ni mzee mmoja wa Isevya, mwanajeshi mstaafu, ambaye miaka yake mingi jeshini ilikuwa ya kufundisha vijana renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha. Nilimkuta chini ya mwembe wake anatafuna matobolwa. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote pamoja na ndoo. Aliitikia marahaba, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja, "Ulipomaliza, ulisema umemaliza?"

Sikumwelewa.

"Kwa mdomo. Ulisema?"

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hiyo, na hadi leo ndiyo naiweka juu ya zote. Risasi zinabaki chumba kingine, si mfukoni, si mezani, chumba kingine na mlango umefungwa. Bastola inakaguliwa kwa macho, kisha kwa kidole kuingizwa kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha kwa macho tena. Unaelekea ukuta mmoja tu, wenye magunia ya mchanga. Na ukimaliza unatamka kwa sauti, "Nimemaliza." Ukishatamka, hakuna moja ya mwisho. Mkono ukiwasha, ukaushe.

Bastola iliporudi nikamwambia natafuta risasi za kutosha za mazoezi. Akanitazama kama mtoto aliyeomba pikipiki. "Risasi ni mtihani, mwanangu. Nani anasomea kwenye mtihani?" Na kwa kweli nisingezipata. Risasi ni ghali, idadi ninayoruhusiwa kuwa nayo ina ukomo, na Tabora hatuna renji ya raia. Jeshi lipo, renji zake hazimhusu muuza asali. Kwa hiyo miezi mitano nilifanya mazoezi na bastola tupu, dakika 20 kila usiku, isipokuwa Ijumaa.

Zoezi la kwanza lilikuwa la sarafu. Unalenga, na mtu anakuwekea shilingi 200 juu ya bastola, karibu na kile kijino cha mbele cha kulengea. Unavuta triga. Sarafu ikianguka, umeitikisa bastola, na risasi ingekwenda chini kushoto. Usiku wa kwanza sarafu ilianguka mara 31 katika mara 40. Mwanangu wa kwanza ndiye alikuwa akiziweka na kuhesabu, akizifurahia kupita kiasi. Siri, nilikuja kuigundua, haiko kwenye kidole cha triga bali kwenye mkono wa kushoto. Kwa anayetumia kulia, kushoto ndiko kunakobana, kulia kunabaki kulegea kiasi ili kidole kiwe huru. Mimi niliielewa pale nilipofikiria tunavyokamua nta kwenye kitambaa: mkono mmoja unashika tu, mwingine ndio unaokamua.

Baada ya sarafu, kuchomoa. Mzee aliivunja vipande: kiganja kinashika mpini juu kabisa bastola ikiwa bado kwenye ala, inatoka, mikono inakutana kifuani, inasukumwa mbele, na kidole hakigusi triga mpaka macho yameona shabaha. Nilitumia programu ya simu inayolia mara mbili, mlio wa kuanza na mlio wa mwisho. Nilianza na sekunde 3 kati ya milio miwili. Mwezi wa nne nilikuwa sekunde 1.8. Sikuwahi kujaribu kuharakisha mkono. Nilikuwa naondoa tu kile kisichohitajika: bega kupanda, kichwa kuinama kuifuata bastola wakati ni bastola inayopaswa kuja machoni.

Shabaha nilikata kwenye maboksi. Karatasi rasmi ya mchezo huu ina kimo cha sentimita 57 na upana wa 45, kwa hiyo nilichora za theluthi, sentimita 19 kwa 15, nikazibandika kwenye magunia. Ukisimama mita 3 unaziona kama zile kubwa zinavyoonekana mita 9. Njia kati ya madumu ya asali zikawa vichochoro vya mashindano. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba macho yanatangulia: ukishapiga karatasi hii, macho yanaruka kwenda katikati ya inayofuata, bastola inayafuata yenyewe. Nilikuwa nikifanya kinyume, naisukuma bastola na macho yamekaa juu yake, kama anayeendesha baiskeli akitazama tairi.

Mwaka uliofuata nikaona niko tayari. Klabu moja mbali na mkoa wetu ilikuwa na mashindano madogo. Siku mbili za barabara, kupitia Nzega, nikiwa nimebeba na madumu mawili ya asali ya kuuza ili mafuta yajilipe.

Zamu yangu ilipofika, mwamuzi akatoa amri zile nilizozikariri: pakia, jiandae, uko tayari, kaa tayari. Kisha mlio. Karatasi mbili za kwanza zilikwenda vizuri mpaka nikajishangaa. Tatu, vizuri. Nne ilikuwa kushoto, nyuma ya kizuizi. Nikaanza kukimbia kwenda kushoto huku nabadilisha magazini.

"Simama!"

Sheria inasema mtutu usipite nyuzi 90 kutoka kwenye uelekeo wa tuta la udongo lililo mbele. Mtu wa mkono wa kulia akikimbilia kushoto, kifua kinageuka kushoto, bastola iko mbele ya kifua, na anapoiinamisha ili apokee magazini, mtutu unafuata njia ya miguu. Stoo yangu ni nyembamba. Miezi yote ile nilikimbia kwenda mbele na kurudi nyuma, kushoto kulikuwa na madumu.

"Kaka, mchezo wako wa leo umeishia hapa," mwamuzi aliniambia bastola ilipokwisha kukaguliwa na kurudi kwenye ala. "Pole. Karibu tena." Haikuwa hatua hiyo tu, yaani kituo hicho kimoja cha mashindano, ni mashindano yote. Nilisafiri siku mbili nikapiga risasi 6.

Nilitaka kuondoka. Lakini katika mchezo huu kila mtu anasaidia kuziba matundu kwenye karatasi kwa vibandiko baada ya kila mpigaji, na nikaona aibu kuwaachia wenzangu kazi. Kwa hiyo siku nzima nilitembea nyuma ya wengine nikibandika, na hapo, mikono ikinata gundi, ndipo nikaelewa hesabu ambayo kwenye maandishi nilikuwa naipita tu.

Alama zinagawanywa kwa sekunde. Basi. Eneo la katikati, A, lina alama 5. Kwa bastola za nguvu ndogo kama 9 yangu, C, eneo linalolizunguka, ni 3 na D, la pembeni kabisa, ni 1. Ukikosa unakatwa 10. Hatua moja ilikuwa na risasi 12, alama 60 zikijaa. Mzee mmoja mtulivu alipata A zote kwa sekunde 20: 60 gawanya kwa 20 ni 3. Dada mmoja akapata A nane na C nne, alama 52, kwa sekunde 13: ni 4 kamili. Amemshinda aliyepiga katikati tupu. Kisha akaja kijana mwenye mbio, sekunde 10 tu, watu wakapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa nabandika. A nane, C mbili, na mbili hazikuonekana popote. 40 na 6, toa 20, inabaki 26. Gawanya kwa 10: 2.6. Alikuwa wa mwisho kati ya wale watatu, na makofi yalikuwa yake.

Yule dada nilimfuata nikamwuliza anafanya nini. Akasema hakimbii kuliko wengine, ila haachi kufanya kitu. Akiwa anaondoka bado anapiga, akifika bastola iko tayari machoni na magoti yamekunjwa. Muda unapotea kwenye kusimama na kujipanga, siyo kwenye kupiga. Nilimwachia lita moja ya asali.

Tabora, nikahamisha madumu. Ilinigharimu siku nzima na vijana wawili wa kubeba, lakini nikapata mita 5 za kukimbia kushoto. Kwenye ukuta wa kushoto nikatundika kanga nyekundu ya mke wangu, ndiyo mpaka: mtutu ukiitazama kanga, nimefukuzwa, naanza upya. Ilikuwa imeandikwa Mwenye macho haambiwi tazama. Aliikosa kwenye kamba siku tatu, alipoiona stoo akauliza tu kama itarudi. Kubadilisha magazini nilijifunza kuichomeka kabla mguu haujapiga hatua ya pili, kiwiko kikibanwa ubavuni, kidole cha shahada kikigusa ncha ya risasi bandia ya juu ili mkono ujue magazini inaelekea wapi gizani. Mara elfu ngapi, sijui. Kanga ilikaa pale miezi saba.

Mashindano ya pili nilimaliza hatua zote. Ya mwisho: A tisa, C tatu, hakuna iliyopotea, sekunde 18. Ni 54 gawanya kwa 18, yaani 3. Nilikuwa wa 16 kati ya watu 23, na mmoja wa walio nyuma yangu alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, kwa hiyo sijisifu sana.

Nikampigia mzee Isevya.

"Shikamoo, Afande. Nimemaliza."

"Marahaba. Mtutu?"

"Haukuvuka."

Nikamsikia anatafuna. "Haya. Ukija, njoo na asali. Ile isiyotobolewa."