Mfuatano Unapopanda, Je, Umepanda Kweli?

Mfuatano wa namba zilizopatikana kwa nasibu mara nyingi huonekana ukipanda au ukishuka, kwa kuwa jicho la binadamu halivumilii vurugu. Kwa hiyo hainitoshi kujua kwamba mstari unapanda. Nataka kujua kama nasibu peke yake ingeweza kuupandisha kiasi hicho.

Kipimo ninachokipendelea ni cha Mann na Kendall, ambacho Henry Mann alikieleza mwaka 1945. Kila namba hulinganishwa na zote zinazoifuata: ya baadaye ikiwa kubwa huandikwa +1, ikiwa ndogo −1, kisha alama zote hujumlishwa. Namba 10 zina jozi 45. Ikiwa hakuna mwelekeo wala namba zinazolingana, wastani wa jumla hiyo ni 0 na mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi ambacho kwa kawaida hutawanyika kuuzunguka wastani huo, ni takribani 11.2. Jumla ya 15, ambayo kwenye grafu inaweza kumshawishi yeyote, bado haitoshi. Kwa kiwango cha asilimia 5, yaani nasibu ikiruhusiwa kutudanganya si zaidi ya mara 5 kati ya 100, kupanda na kushuka vyote vikihesabiwa, inahitajika angalau 23. Asiyeamini majedwali anaweza kuiachia kompyuta ichanganye mpangilio mara elfu kadhaa, ahesabu ni mara ngapi jumla ya awali inafikiwa.

Wengi huridhika hapo, nami naona ni mapema mno. Kuchanganya namba ni kudai kwamba hakuna namba iliyoathiriwa na iliyoitangulia. Rusha sarafu, uongeze 1 ikionyesha kichwa na kupunguza 1 ikionyesha upande wa pili, kisha uandike jumla baada ya kila mrusho. Sarafu haina upendeleo, lakini jumla hutangatanga mbali na 0, na kipimo kile kile kitatangaza mwelekeo mara nyingi kupita ile asilimia 5 iliyoahidiwa; mfuatano ukirefuka, kosa huzidi. Mwanatakwimu Udny Yule alionya kuhusu mifuatano ya aina hii mwaka 1926, na mwaka 1974 wanauchumi Clive Granger na Paul Newbold wakaonyesha kwamba miwili isiyohusiana kabisa huonekana, mara nyingi, kuwa na uhusiano thabiti.

Mfuatano wa aina hiyo hupimwa kwa hatua zake, yaani tofauti kati ya kila namba na iliyoitangulia: je, wastani wa hatua hizo unatofautiana na 0 kuliko inavyotarajiwa? Mara nyingi ule mlima wa kwenye grafu hutoweka papo hapo. Na kabla ya hesabu yoyote, mimi humuuliza aliyeleta grafu kwa nini imeanzia pale ilipoanzia, maana mwanzo uliochaguliwa baada ya kuziona namba huharibu kila kipimo nilichokitaja.