Nilivyoandaa sehemu ya pili ya mchezo wa ubao wa Liyongo hadi kuitangaza

Sehemu ya pili ya mchezo wangu wa ubao wa Fumo Liyongo inatangazwa hivi: wachezaji 3 hadi 5, dakika 60 hadi 75, umri kuanzia miaka 12, karata 108, ubao mmoja, dadu mbili. Inachezeka bila sehemu ya kwanza, na mwenye sehemu ya kwanza ataingiza mashujaa wake wote wanne. Tangazo lenyewe ni hilo tu, lakini kila kipande chake kina kazi nyuma yake. Naieleza kwa ajili ya yeyote anayebuni mchezo wake.

Sehemu ya kwanza ni ya gerezani Pate. Wachezaji wako upande mmoja, tupa imefichwa ndani ya mkate wa wishwa, na minyororo inakatwa pale tu kelele za ngoma zinapozidi sauti ya chuma. Sehemu ya pili inaanzia msituni, kwenye miti na majini, pale mwana wa Liyongo anapotumwa kuichunguza siri ya baba yake: hauawi na chochote ila sindano ya shaba kitovuni. Kwa hiyo mmoja mezani ndiye mwana, na wenzake hawamjui. Mabadiliko hayo, kutoka mchezo wa kusaidiana kwenda mchezo wa siri, ndiyo yaliyonilazimisha kuangalia upya kila kitu mpaka mgongo wa karata.

Nianze na sindano. Mwana ana nafasi tatu za kuchoma katika mchezo mzima, kwa kurusha dadu mbili. Mwanzoni niliweka jumla ya 8 na zaidi. Katika matokeo 36 ya dadu mbili, 15 yanafika 8, yaani kama asilimia 42 kwa mrusho mmoja. Inaonekana ya wastani. Lakini ukimpa mtu mirusho mitatu, uwezekano wa kufaulu angalau mara moja unafika asilimia 80, na mwana anashinda karibu kila mara bila kuhitaji ujanja. Nilipandisha hadi 9. Hapo yanafaa matokeo 10 kati ya 36, na kwa mirusho mitatu inakuwa kama asilimia 62. Asilimia hizo 62 nilizishusha zaidi kwa raundi ya kisimani: Liyongo akichomwa anapiga magoti na upinde umevutwa, na wenzake wana zamu tatu za kumwokoa. Hesabu za namna hii zifanywe kwenye karatasi kabla hujamwita mtu kujaribu, kwa sababu michezo mitano mezani haiwezi kukuonyesha tofauti ya 62 na 80.

Kugawa nafasi nako kulihitaji kipimo. Mkiwa watano, mnagawana karata tano na mwana yumo kwa hakika. Mkiwa watatu, hakika hiyo inaua mchezo, maana ukijijua si wewe, kuna watu wawili tu wa kushuku. Dawa niliyoipata ni kuchanga karata nne, moja ya mwana, kisha kugawa tatu na kuifunika ya nne pembeni. Sasa mwana yumo mara tatu katika nne, na shaka inabaki mezani mpaka mwisho.

Kisha likaja suala la mgongo wa karata, ambalo ndilo lililonigharimu muda kuliko yote. Mpango wa awali ulikuwa kuchanganya karata za matukio za sehemu ya kwanza na mpya. Haifai. Bluu ya chapa moja, yaani mkupuo mmoja wa kuchapa, ni nadra kufanana kabisa na bluu ya chapa nyingine, hata faili likiwa lilelile na kiwanda kilekile: wino, karatasi na hata unyevu vinachangia. Katika mchezo wa kusaidiana hakuna anayejali. Katika mchezo wa siri, karata iliyopauka kidogo ni karata iliyowekewa alama. Nilijaribu hivi: chukua karata tano za zamani na tano mpya, zifudikize mezani, mwombe mtu azitenge kwa macho. Kisha afumbe macho azitenge kwa vidole. Za zamani zilikuwa za gramu 300 kwa mita ya mraba, mpya gramu 310, na mkono uliweza kuzitofautisha.

Kanuni niliyoifuata tangu hapo ni kwamba kila fungu linalochangwa na kufudikizwa lazima litoke kwenye chapa moja. Vinavyovuka kutoka sehemu ya kwanza ni vile vinavyokaa wazi tu: mbao za mashujaa, kete zao, silaha. Pia niliondoa fremu nyeupe kwenye mgongo. Kisu cha mashine huhama hadi milimita moja hivi, na fremu ya milimita tatu ikipungua upande mmoja inaonekana toka mbali. Mchoro unaofika ukingoni, wenye ziada ya milimita 3 kila upande ya kukatiwa, unaficha hilo.

Idadi ya karata haikutoka kichwani. Mchapaji hupanga karata 54 kwenye karatasi moja kubwa, kwa hiyo 108 ni karatasi mbili kamili. Nilikuwa na 113, na zile tano za ziada zingelipiwa kama karatasi ya tatu. Nilizipunguza, na nakiri mchezo ulizidi kuwa mzuri, maana nne kati yake zilikuwa zinarudia kazi ya nyingine.

Maandishi ya kwenye karata yana shida yake katika Kiswahili. Karata ina upana wa milimita 63. Ukiacha 5 kila upande unabaki na 53, na neno kama «watakaomshambulia» linakula sehemu kubwa ya mstari. Kuna na upatanisho: jini mmoja anaondoka, majini wawili wanaondoka, kete moja inaondoka, na karata ambayo idadi yake inabadilika hukwama hapo. Niliandika zote kwa kuamuru: «Vuta karata 2.» «Ondoa majini hadi 3.» Tarakimu haina ngeli, na mstari unafupika karibu nusu.

Nakala ya majaribio ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Pakiti mbili za karata za kawaida pamoja na majoka (jokers) mawili ya kila pakiti ni karata 108 kamili. Chapa kurasa zako kwenye karatasi ya kawaida ya A4, tisa kwa ukurasa, kurasa 12. Kata kwa rula ya chuma, kisha tumbukiza kila kipande ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karata ya kawaida nyuma yake ili iwe ngumu. Steshenari waambie wachape kwa asilimia 100. Kompyuta ikiachiwa ijirekebishe, karata hutoka ndogo. Na pakiti ziwe za upana wa 63. Zile nyembamba za 57 zinacheza ndani ya mfuko.

Sanduku lina urefu na upana wa lile la kwanza, ili yakae pamoja rafuni. Ndani, nafasi za karata ni mbili, za milimita 68 kwa 93, kwa sababu wengi huvisha karata mifuko. Fungu la 54 likivishwa hukaribia milimita 27, likiwa tupu ni kama 16.

Tangazo nililichelewesha kwa makusudi. Frosthaven, mwendelezo wa mchezo wa ubao wa Gloomhaven wa Isaac Childres wa Marekani, ulikusanya zaidi ya dola milioni 12 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwaka 2020, na masanduku yakaanza kuwafikia watu mwishoni mwa 2022. Mchezo wenye jina kubwa unaweza kubeba subira hiyo. Wangu hauwezi. Nilisubiri mpaka kanuni zisomwe na kundi ambalo halikuwahi kunisikia nikieleza, likacheza hadi mwisho bila kuniuliza kitu, ndipo nikafunga faili. Picha niliyoweka ni ya vitu halisi mezani, mikono ya watu ikiwemo, ili ukubwa wa karata uonekane. Sikuahidi karata za ziada endapo oda zitaongezeka, kwa kuwa karata ya 109 inaanzisha karatasi ya tatu kwa kila mtu.

Oda zitafunguliwa siku karatasi ya mfano itakapotoka kwa mchapaji na kupita lile jaribio la kufumba macho.