Kidonge cha Baba

Kinyozi wangu wa Sinza ana adabu. Miaka miwili amekuwa akinipaka piko mbele, anachora mstari mnyoofu kama wa rula, halafu ananishikia kioo bila neno. Siku moja ndani ya daladala jasho likashuka na piko lote hadi kwenye kola ya shati jeupe, nami naenda kwenye kikao. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa daktari wa ngozi.

Akanimulika utosini, akauliza: baba ana kipara? Anacho. Wajomba je? Nao wanacho. Basi si fangasi wala kofia, akasema, ni urithi. Mizizi ya nywele za mbele na utosini inashambuliwa na DHT, homoni ambayo mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni. Kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka zinabaki malaika tu.

Upandikizaji wa nywele, ule ambao watu wanaufuata hadi Istanbul, nilimkatisha kabla hajamaliza. Nina ada ya shule. Zikabaki minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, na hili jina la pili nilishaliona: kwenye kabati la baba. Mzee ana tezi dume, anameza finasteridi ya miligramu 5 kila asubuhi. Ya nywele ni miligramu 1. Hesabu ya darasa la pili: kidonge kimoja, siku tano.

"Kumbe hukuja kunisalimia," mzee akacheka, akanihesabia sita. Kichwa chake kinang'aa kama sinia. Yeye dawa ilimkuta shamba limeshavunwa.

Usiku nikakaa jikoni na wembe. Kidonge cha kwanza kikapasuka ovyo, unga ukatapakaa kwenye kitambaa cha meza. Mke wangu, mimba ya miezi mitano, akaja kuchukua maji, akaona uchafu, akanyoosha mkono aukung'ute. Nikapiga ukelele kama nimeona nyoka. Daktari alikuwa ameniambia: kidonge kizima kina ganda lake, lakini kikivunjika mjamzito asiguse, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Mimi nilikuwa nimeshika pale alipotaja nguvu za kiume kupungua kwa baadhi ya watu (wanaume bwana!), mengine yakapita. Na jinsia ya mtoto hatukuwa tunaijua.

Kesho yake nikamrudishia mzee vidonge vyake vitano. Hakuuliza.

Nikaangukia minoksidili ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Ilianza kama dawa ya presha. Wagonjwa wakaota nywele hata mahali wasipozitaka, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu ya kupaka kichwani. Kilichonisumbua ni kwamba haina mwisho. Ni kama kodi ya nyumba: ukiacha kulipa, unatoka, na kila ulichootesha kinatoka nawe. Paka wetu aliyezoea kulala kwenye mto wangu wa kitandani amehamia sebuleni, maana kwa paka hiyo ni sumu. Wiki ya tatu nywele zikapukutika kuliko mwanzo, nikaziokota kwenye sabuni nikitaka kulia. Daktari akasema ndivyo inavyoanza, nisiihukumu kabla ya miezi minne.

Huu ni mwezi wa tano. Mtoto amezaliwa, wa kike, na nywele anazo kunishinda. Simbebi kabla dawa haijakauka, isije ikamgusa naye akaota malaika mwili mzima.

Jumamosi kinyozi alichovya brashi kwenye piko, akasita, akanigeuza kichwa kuelekea kwenye taa.

"Kaka, hapa pembeni nipake au niache?"

Nikamwambia apake.