Maranda juu ya maji

Waliowahi kupanga Tandale bondeni, Dar es Salaam, wanaijua hofu hii. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati kwa nguvu usiku, wewe uliye chini huombi tu bati lisivuje. Unasikilizia nani huko juu anazibua choo.

Sisi tunaita kutapisha. Shimo la choo likijaa, na gari la kunyonya haliwezi kuingia kwenye kichochoro ambacho hata bajaji inakwama, mwenye nyumba hutoboa shimo ubavuni, hupachika kipande cha bomba na kukiziba kwa matambara. Ikinyesha kubwa, anachomoa matambara. Maji ya mvua yanabeba kila kitu, yanashuka mferejini, yanaingia Mto Ng'ombe. Asubuhi choo chake kimepungua. Lakini kati ya choo chake na mto kuna watu wamelala, na masika ya mwaka 2016 mmoja wao nilikuwa mimi, pamoja na mtoto wa miezi kumi aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Nao haukuwa mwaka wa masihara. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Dar es Salaam tangu Agosti 2015 na kilikuwa bado hakijatuachia. Nilikuwa nachemsha maji hadi ya kusukutulia. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015, nchi nzima ikaambiwa ishike mafagio. Siku hiyo mtaani kwetu aliyewahi kutoka kuliko wote alikuwa Babu, fundi seremala wa nyumba ya tatu kutoka kwetu kwa juu. Alikuja na toroli lake mwenyewe, akazoa taka hadi jasho likamlowesha kanzu. Si babu yangu wa damu, mtaa mzima tulimwita hivyo. Nilipojifungua alinitengenezea kitanda cha mtoto, akachukua pesa ya mbao tu, ufundi akasema ni zawadi ya mjukuu.

Nayasema haya ili ieleweke nilivyojisikia usiku ule.

Ilikuwa kama saa tisa. Kilichoniamsha ni harufu, si mvua. Nilishusha mguu kutoka kitandani, ukazama. Nikawasha tochi ya simu, nikaona beseni la bluu la kumuogeshea mwanangu linaelea, linazunguka taratibu katikati ya chumba. Maji yalikuwa ya kijivu, mazito. Na juu yake yalielea maranda, yale maganda ya mbao yaliyojikunja kama pete, yanayotoka kwenye randa ya seremala. Mtaani kwetu seremala alikuwa mmoja tu.

Nilimnyanyua mtoto kutoka kwenye kitanda chake nikamfunga mgongoni, nikakaa naye juu ya meza hadi kukacha.

Asubuhi uani hapakukalika. Mama wa chumba cha mbele alishajaza ndoo mbili za yale maji. Alitaka tupande nazo tukamwagie Babu mlangoni. "Tumrudishie mzigo wake!" Sikumlaumu, na hata sasa simlaumu. Mwingine alisema twende moja kwa moja kwa mjumbe, kesi iandikwe, faini itoke. Niliwaomba wanipe hadi jioni. Sikuwa na busara yoyote ya pekee. Nilikuwa tu nimekumbuka kile kitanda, na nilitaka kwanza nimsikie mwenyewe anasema nini.

Baada ya alasiri nikapanda. Nilimkuta barazani anapiga randa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu hajambo?"

"Kwa leo hajambo. Babu, jana usiku umetapisha."

Aliweka randa chini. Hakukana. "Mvua kubwa vile, mwanangu. Inapeleka yote mtoni, haiachi kitu."

Nilimtazama usoni nikaona hajitetei. Ndivyo alivyoamini. Msikiti anaoswali uko juu, duka liko juu, kituo cha daladala kiko juu. Bondeni hakuwa na shughuli, na wakati wa mvua ndiyo kabisa. Kwake yeye maji yalikuwa kitu kinachopita mlangoni na kuondoka.

"Naomba ushuke na mimi, Babu. Njoo uone tu."

Tulishuka polepole, kichochoro kilikuwa kinateleza, nikamshika mkono. Uani wale wanawake waliponiona naye walinyamaza, na yule wa ndoo akaingia ndani bila kumwamkia. Nikamwingiza chumbani kwangu. Ukutani palikuwa na mstari wa tope, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Babu aliupita mstari huo akaenda moja kwa moja kwenye kitanda. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye matendegu, pale maji yalipoishia, kama anavyokagua mbao kabla ya kuinunua. Kutoka pale hadi kwenye godoro hapakuzidi vidole vinne.

"Alikuwa amelala humu?"

"Alikuwa amelala."

Alikaa pale chini muda mrefu.

Tulipotoka, alisimama kwenye kalavati la mbele ya nyumba yetu. Akachukua kijiti akachokoa. Zikatoka mifuko ya plastiki, majani ya kisamvu, kisha pampasi, moja, mbili, tano, zimevimba kama mito. "Maji yamezuiwa hapa," alisema kwa sauti ya chini, "ndiyo maana yakawarudia." Hakuuliza ni za nani. Katika nyumba ile mtoto wa kuvaa pampasi alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nazitupa mwenyewe usiku, mvua ikinyesha, nikijua itazipeleka.

"Ni zangu, Babu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchokoa. Nikaenda kuchukua koleo.

Kesho yake wajukuu zake walileta magunia mawili ya maranda makavu na ndoo ya chokaa. Tuliyamwaga maranda chumbani na uani, yakanyonya unyevu wote, tukayazoa, tukapaka chokaa. Beseni nililisugua kwa jiki mara tatu, lakini sikuweza tena kumuogeshea mtoto ndani yake. Baadaye nyumba nne tulichangishana tukaleta vijana wa pampu ya mkono na mapipa, wanaoweza kupita pale gari lisipopita, wakapakua choo cha Babu na cha kwetu. Wengine wa juu zaidi walikataa kuchanga. Mmoja aliniuliza mimi ni nani hata nimpangie choo chake, na mwaka ule alitapisha tena, mara mbili. Hilo lilitupeleka hadi serikali ya mtaa na halikuisha vizuri.

Ila mvua kubwa iliyofuata, ile ya usiku, nilikuwa macho nimemshika mtoto pale mlango ulipogongwa. Nikafungua. Alikuwa mjukuu mkubwa wa Babu, amejifunika gunia kichwani, tochi mkononi, analowa.

"Babu anauliza, maji yamefika wapi kwenu?"

Tukamulika mferejini pamoja.