Bahari Isiyokuwa na Buluu

Ijumaa iliyopita niliwaongoza watoto 23 wa chekechea, hapa Mikindani, kupaka rangi kwa mara yao ya kwanza, na kwa kuwa bei ya rangi za dukani ilinishinda, niliamua kuzipika mwenyewe.

Nilikoroga kikombe 1 cha unga wa muhogo kwa maji baridi, nikaumimina katika vikombe 8 vya maji yanayochemka, nikaendelea kukoroga mpaka ukawa uji mzito usio na madonge. Ulipopoa niliugawa katika makopo matatu: la kwanza nikatia bizari ya manjano, la pili mkaa uliotwangwa na kuchekechwa, la tatu udongo mwekundu wa Newala ambao niliukaanga kwanza, kwa maana watoto wa umri huu hulamba vidole. Mwenzangu alishauri tuchemshe maganda ya korosho ili tupate rangi ya kahawia. Nilikataa, kwa sababu mafuta ya ganda bichi huunguza ngozi, kama ajuavyo kila aliyewahi kubangua kwa mkono.

Brashi tulizitengeneza kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizofungwa kwenye vijiti, lakini hazikudumu mikononi. Baada ya dakika chache kila mtoto alikuwa akipaka kwa vidole juu ya kipande chake cha boksi. Mmoja aliuonja ule uji wa manjano, akauliza sukari iko wapi.

Niliwaomba wachore wanachokiona njiani wanapokuja shule. Wale wadogo zaidi walichora watu ambao miguu yao inatoka kichwani moja kwa moja, na msaidizi wangu alikuwa tayari ameinama kumwongezea mtoto mmoja tumbo nilipomzuia, nikamweleza kwamba watoto wa miaka 3 hadi 4 huchora hivyo, na kwamba tumbo litakuja lenyewe wakati wake ukifika.

Hazikupita dakika kumi nikataka kufanya kosa lilelile. Mvulana mmoja alikuwa amelijaza boksi lake lote udongo na mkaa, akaniambia kwamba ni bahari.

"Mwanangu, mbona bahari yako ina rangi ya tope?"

"Maji yamekupwa, Mwalimu."

Kisha akanionyesha alama tatu za kidole katikati ya weusi ule: mama yake, bibi yake na ndoo. Niligeuka kutazama ghuba, na kweli maji yalikuwa yameondoka mbali, yakaacha tope jeusi na mizizi ya mikoko, nami siku nzima nilikuwa nikisikitika kwamba sina buluu.

Maboksi tuliyaanika barazani. Sikukumbuka kwamba rangi ya muhogo ni chakula, na wazazi walipofika saa sita kuku walikuwa wameshadonoa pembe nzima ya bahari ile pamoja na ndoo. Safari ijayo tutayatundika kwenye kamba.